Haraka yetu na miguu ya watoto wetu

Maneno haya yalitolewa na Komite ya Afya ya chama chetu mbele ya wanachama, kwenye mkutano mkuu. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale hawakufika, na kwa ajili ya wafadhili wetu wanaotuuliza feza zao zinafanya kazi gani.

 

Tuliombwa kusema juu ya sumu. Munajua wote kwa nini. Kiangazi kilichopita, katika nyumba moja ya wanachama wetu, mtoto wa miaka sita alilala mzima na asubuhi akashindwa kusimama. Miguu ilikuwa migumu sawa miti. Mama yake alipomwinua, magoti yaligongana, na vidole vya miguu vikawa vinakwaruza chini. Hakuwa na homa. Hakuanguka popote. Jioni ile ile tukaanza kusikia maneno: "Bamemuroga ule mutoto. Bamemupa sumu." Na kidole kikaelekezwa kwa mama mzee mmoja, mjane, jirani wa ile nyumba, aliyekuwa amempa mtoto kipande cha muhogo siku mbili mbele. Vijana wakavunja jiko lake. Usiku ule alilala kanisani, na baadaye akaenda kukaa kwa ndugu zake kijiji kingine.

Sisi wa komite tulikuwepo. Hatukutupa jiwe, lakini hatukufungua kinywa pia. Tunaanza na hilo juu hatutaki kuja kufundisha watu wakati sisi wenyewe tulinyamaza siku ya kusema.

Leo tunataka kueleza kitu kimoja tu: ni namna gani watu wa sayansi wanajua kwamba sumu fulani ndiyo imeleta ugonjwa fulani. Hawabahatishi, na hawaendi kwa anayelia kwa nguvu zaidi. Wako na njia, na njia hiyo ilitembea sana hapa hapa Kongo, juu ya ugonjwa huu huu wa miguu.

Ugonjwa una jina

Munganga wa hospitali alipompima yule mtoto, hakuuliza kwanza nani ni adui wa familia. Aliuliza: "Munakula nini? Muhogo mutamu ao muchungu? Munauloweka siku ngapi?" Halafu akasema jina: konzo.

Neno hilo ni la Kiyaka, lugha ya watu wa Kwango, upande wa magharibi wa inchi yetu. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Watu wa kule walikuwa wanalijua zamani. Mwaka 1938 munganga mmoja Muitaliano, Giovanni Trolli, aliandika juu ya wagonjwa walioonekana Kwango wakati wa Wabelji: watu waliokuwa wazima, ghafla miguu yote miwili ikakakamaa. Aliandika alichokiona, lakini sababu haikupata ushahidi wakati ule. Ikapita miaka zaidi ya 40.

Mwaka 1981 ukame mkali ulipiga jimbo la Nampula, kaskazini ya Msumbiji. Habari za kwanza zilizofika kwa wakubwa wa afya zilisema ni polio. Waganga wakaenda kuona. Kati yao alikuwepo Julie Cliff, na pia Msweden Hans Rosling, aliyekuwa anafanya kazi ya uganga katika jimbo lile. Wakapima miguu, wakaona kitu hakifanani. Polio inaacha mguu ukiwa laini, unalegea kama kitambaa. Hawa miguu ilikuwa migumu. Na polio haichagui miguu yote miwili sawasawa namna ile, katika mamia ya watu. Walihesabu wagonjwa 1,102. Wengi walikuwa watoto na wamama. Watoto wanyonyao hawakuguswa.

Tusimame hapo kidogo, juu hapo ndipo kazi inaanza. Kama ni ugonjwa wa kuambukiza, mbona mtoto anayebebwa mgongoni na mama mgonjwa haumwi? Kama ni sumu ya mtu mbaya, mtu gani atazunguka kulisha sumu watu elfu moja, katika vijiji vilivyo mbali namna ile, na kusahau watoto wanyonyao? Waganga wakajiuliza: wagonjwa hawa wako na kitu gani ambacho mtoto anyonyaye hana? Jibu lilikuwa kwenye sahani. Wakati wa ukame mazao mengine yote yalikufa, ukabaki muhogo mchungu peke yake. Na watu, juu ya njaa, hawakungoja siku za kutosha kuutengeneza.

Ugonjwa huo ulionekana tena mwaka 1985 Tarime, Tanzania, upande wa Ziwa Nyanza. Pale pia: ukame, muhogo mchungu, haraka. Ulionekana pia Kivu ya Kusini yetu, Burhinyi, katika teritware ya Mwenga, nyuma ya vita. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2011. Kwa hiyo tusiseme ni mambo ya Kwango tu. Njaa na vita vinatembea, na konzo inavifuata nyuma.

Barabara iliyoleta feza na ugonjwa

Tunapenda sana mfano mmoja wa utafiti, uliofanyika Bandundu wakati inchi ingali inaitwa Zaire. Watafiti Wakongomani, kati yao Banea Mayambu, pamoja na wenzao wa Sweden, Thorkild Tylleskär na yule Rosling, waliutoa mwaka 1992. Walikuta kitu cha ajabu. Kule konzo ilizidi wakati barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofunguliwa.

Namna gani barabara inaleta ugonjwa? Zamani wamama walikuwa wanaloweka muhogo mtoni usiku tatu. Barabara ilipokuja, malori yakaja, na biashara ya muhogo ikawa na feza. Lori halingoji. Anayetoa muhogo wake leo anauza leo. Wamama wakaanza kuloweka usiku moja tu. Muhogo ule wa haraka ukauzwa, na mwingine ukabaki nyumbani ukaliwa. Watafiti wakalinganisha nyumba na nyumba: wanaoloweka usiku tatu, na wanaoloweka usiku moja. Wakapima unga wao, na wakapima mkojo wao. Ndipo wakaona: sumu iliyobaki kwenye unga wa usiku moja ilikuwa mingi zaidi, na mkojo wa waliokula ukasema vile vile.

Muhogo ulikuwa ule ule wa bibi zao, na mto ule ule. Kilichogeuka ni usiku mbili zilizopunguzwa.

Ndani ya muhogo kuna nini

Sasa tuseme kwa ufupi sumu yenyewe inafanya namna gani. Muhogo, zaidi ule mchungu, uko na kitu kinaitwa linamarini. Ni silaha ya mmea, ya kujikinga na wadudu na wanyama. Ndiyo maana tunaupenda: panya wanaukwepa, nguruwe wa pori anauacha, na mwizi hawezi kuuchomoa na kuula mbichi. Katika inchi ambapo kila mara watu wenye bunduki walipita mashambani, muhogo mchungu ulituokoa. Hatusemi muhogo ni adui.

Linamarini ikivunjwa inatoa sianidi. Sianidi ni sumu kali, lakini iko na tabia nzuri moja: haipendi kukaa. Inaondoka na maji, inapanda na hewa. Ndani ya muhogo wenyewe kuna kitu kingine, kimeng'enya, kazi yake kuvunja linamarini. Lakini vitu hivi viwili vinakaa vyumba tofauti. Ukiloweka muhogo siku za kutosha, unalainika, kuta za vyumba zinavunjika, vinakutana, sianidi inatoka na kuondoka zake. Ile harufu ya mtoni tunayoijua wote ndiyo kazi hiyo inaendelea.

Sasa sikilizeni vizuri wamama. Ukikatiza siku, linamarini inabaki imefungwa ndani. Ukaanika kwa jua mihogo mizima bila kuloweka vya kutosha, haitoki yote. Ukapika bugali, haitoki pia, juu moto wa sufuria unaua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki. Wengi wetu tulidhani moto unaondoa kila kitu. Moto unaua vijidudu. Linamarini haiuwi.

Mwili nao hauko bila ulinzi. Sianidi kidogo ikiingia, mwili unaigeuza kuwa kitu kisicho na nguvu sana, kinaitwa tiosianati, na unakitupa kwa mkojo. Lakini kwa kazi hiyo mwili unahitaji salfa, na salfa hiyo unaipata katika protini: ndagala, samaki, nyama, mayai, maharagi. Mtu anayekula bugali na ndagala yuko na sabuni ya kuoshea. Mtu anayekula bugali na mboga kidogo, asubuhi na jioni, wiki kwa wiki, sabuni inakwisha na uchafu unazidi.

Hapo tunapata jibu la swali mulilotuuliza sana: "Nyumba moja, sahani moja, mbona baba hakuanguka?" Baba yule alikuwa anashinda ziwani na wavuvi. Alikula samaki kule. Mtoto mdogo alikuwa kwenye ziwa la mama. Yule wa katikati, wa miaka sita, alikuwa amemaliza kunyonya zamani, hakuwa na samaki, na alikuwa na njaa ya mtoto anayekua. Konzo inapenda watoto wa kupita miaka mitatu, na wamama walio katika umri wa kuzaa. Haichagui kwa chuki.

Maswali manne

Elimu ya sumu inaitwa tosikolojia. Munganga mmoja wa Ulaya wa miaka ya 1500, Paracelsus, alifundisha jambo ambalo elimu hiyo yote inasimama juu yake: kiasi ndicho kinachofanya kitu kiwe sumu. Chumvi ni chakula, lakini bakuli nzima ya chumvi itakuua. Kwa hiyo mtu wa tosikolojia hatosheki na kuuliza kama kuna sumu. Anauliza ni kiasi gani, kwa njia gani, kwa siku ngapi, na ndani ya mwili wa nani.

Sisi tumeyaweka katika maswali manne, ili kila mmoja aende nayo nyumbani.

Swali la kwanza: nani aliumwa, na nani hakuumwa? Usihesabu wagonjwa peke yao. Tazama jirani mzima pia, uone ni kitu gani kinawatenganisha.

La pili: hiyo sumu imepimwa? Kwa muhogo kuna karatasi ya njano. Unaweka unga kidogo na maji katika kichupa, unaning'iniza karatasi ndani, unafunga, unaacha mpaka kesho. Sianidi ikitoka, karatasi inageuka kwenda kahawia. Kadiri rangi inavyoiva, ndivyo sumu ilivyo nyingi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya yaliweka mpaka wa miligramu 10 kwa kilo moja ya unga. Na ndani ya mwili, wanapima tiosianati katika mkojo. Mkojo hausemi uongo, na hauna chuki na jirani.

La tatu: kadiri sumu inavyozidi, ugonjwa unazidi? Kama wanaokula nyingi hawaumwi kuliko wanaokula kidogo, basi pengine tumekosea, tutafute kingine.

La nne: sumu ikiondolewa, ugonjwa mpya unaacha kuja? Hili ndilo swali zito zaidi. Katika zoni ya afya ya Popokabaka, kijiji cha Kay Kalenge, yule Banea na wenzake wa afya ya lishe, pamoja na Howard Bradbury wa Australia, walifundisha wamama namna moja rahisi ya kusafisha unga. Tutaieleza sasa hivi. Wamama waliifuata. Sumu katika mkojo wa watoto ikashuka, na konzo mpya haikuonekana wakati wote wa kazi ile.

Hata sasa wataalamu wanabishana ni kitu gani hasa, kati ya vitu vinavyotokana na sianidi, kinachopiga mishipa ya ubongo inayoongoza miguu. Ubishi huo si aibu. Kujua mlango mwizi alioingilia ni jambo moja, kujua alishika kisu kwa mkono gani ni jambo lingine. Mlango tunaujua, na tunaweza kuufunga leo.

Maswali haya si ya muhogo tu. Ndugu zetu wa Kolwezi, mtaa wa Kasulo, walianza kuchimba kobalti hata ndani ya viwanja vya nyumba zao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelji walifuata njia ile ile: wakapima mkojo na damu ya watu wa mtaa ule, wakalinganisha na watu wa mtaa mwingine. Kobalti ilikuwa nyingi zaidi kwa watu wa Kasulo, na zaidi tena kwa watoto, juu watoto wanacheza katika vumbi. Utafiti huo ulitoka mwaka 2018. Na kwa vijana wetu wanaokwenda kwenye zahabu, wanaochoma zebaki jikoni ambapo mama anapika: maswali ni yale yale manne. Moshi ule hauonekani, lakini unaingia.

Hatukuja hapa kubishana juu ya mambo ya roho, wachungaji wako hapa. Tunasema tu: yule aliyemshitaki mama mzee hakuuliza hata moja ya maswali haya. Hakupima kitu. Hakutazama watoto wengine. Alitafuta tu nani ni mjane, nani hana kijana wa kumtetea.

Kwa nini sisi tuliorudi

Kuna jambo tunapaswa kusema kwa uwazi. Hatari hii iko karibu zaidi na sisi tuliorudi.

Kambini tulipokea unga wa mahindi. Mahindi hayana linamarini. Watoto waliozaliwa kule, ambao leo ni wamama wa nyumba, hawakuona bibi akienda mtoni na muhogo. Walirudi hapa na akili nzuri na mikono ya kazi, lakini kipande kimoja cha elimu kilibaki nyuma, na hakuna aliyejua kwamba kimebaki. Mama wa yule mtoto alituambia: "Mimi nilijua kuloweka ni juu ya kulainisha tu, ili kutwanga isinisumbue. Hakuna mutu aliniambia ni juu ya sumu." Na kweli, wazee nao walijua namna ya kufanya bila kueleza sababu. Mtu asipojua sababu, siku ya njaa anakatiza.

Tena, tuliporudi wengi tulikuta mashamba ya mbali yamekuwa pori, na mengine yako na mwenyewe mpya. Tulipanda muhogo karibu karibu. Maharagi yalikosa mbegu. Samaki ni wa mwenye mtumbwi. Na wamama walituambia sababu nyingine, ambayo sisi wababa hatukuifikiria: muhogo ukiuacha mtoni usiku tatu, utakuta umeibiwa. Na kwenda kuutazama usiku ni kujitafutia mabaya njiani. Kwa hiyo haraka ya wamama haikuwa uvivu. Ilikuwa woga, na njaa.

Jambo la mwisho la kuwashtua kidogo. Utafiti wa Kahemba, uliotolewa mwaka 2013, ambao ndani yake alikuwepo munganga wa mishipa Mkongomani, Désiré Tshala-Katumbay, ulipima akili za watoto, namna wanavyokumbuka na kujifunza. Watoto wenye konzo walikuwa chini. Lakini hata watoto wa kule kule wanaotembea vizuri, wasio na konzo, walikuwa chini ya watoto wa kijiji kisicho na konzo. Maana yake, yule mwenye miguu migumu ni yule tunayemuona. Wako wengine tusiowaona, wanakaa darasani, tunawaita wajinga, na tunawapiga.

Tufanye nini

Haya sasa ni ya kushika.

Kwanza, kuloweka usiku tatu kamili, hata nne wakati wa baridi, mpaka muhogo ukibonyezwa na kidole uvunjike. Aliye na hofu ya mto aloweke nyumbani, ndani ya pipa ao ndoo kubwa yenye kifuniko.

Pili, kulowanisha unga. Hii ndiyo ile namna ya Popokabaka, na haiombi feza. Weka unga mkavu kwenye beseni, usawazishe, na upige alama ndani ya beseni mahali unga ulipofika. Tia maji kidogo kidogo ukichanganya. Mwanzoni unga utashuka. Endelea kutia mpaka urudi tena kwenye ile alama. Halafu utandaze juu ya mkeka ao shitingi safi, unene usipite sentimeta moja. Uache saa mbili kwenye jua, ao saa tano kwenye kivuli. Sianidi inapanda na hewa. Usikae na mtoto karibu hapo. Siku hiyo hiyo upike bugali, usiuache ulale, juu utachacha. Hii haichukui mahali pa kuloweka. Inaongeza. Sumu iliyobaki inapungua mara tatu mpaka sita.

Tatu, kuweka kitu pembeni ya bugali. Ndagala kiganja kimoja, maharagi, yai. Mukiwa na kidogo tu, kisianze kwa baba. Kianze kwa mtoto aliyeacha ziwa, na kwa mama. Tunajua tunasema neno gumu, wababa, lakini tumelisema.

Nne, mtoto akikakamaa miguu, mupeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Konzo haiponi kabisa, lakini haiendelei kuzidi yenyewe, na mtoto anaweza kusaidiwa kutembea. Hatari ni kurudi kula ule ule muhogo, juu anaweza kupigwa mara ya pili.

Kwa wafadhili wetu: tunajua munapenda kuona kitu kikubwa, jengo lenye jina. Tunachoomba ni mapipa yenye vifuniko, shitingi, mbegu ya maharagi kabla ya mvua, na zile karatasi za njano za kupimia, na mtu wa kituo cha afya afundishwe kuzisoma. Hayo hayapendezi kwenye picha. Lakini baada ya mwaka tutaweza kuwaonyesha kipimo: unga wetu ulikuwa hivi, sasa uko hivi. Musituamini juu ya maneno yetu mazuri. Tuulizeni yale maswali manne.

Tunamaliza. Yule mtoto anatembea kwa fimbo mbili alizochongewa na baba yake. Mwezi wa tisa alirudi masomoni. Na yule mama mzee, tulikwenda kwake, sisi wa komite pamoja na chefu na wazazi wa mtoto. Tulikaa chini, tukaomba msamaha. Hakujibu mbio. Alituuliza: "Siku ile mulikuwa wapi?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Wiki ya pili akarudi kwake. Vijana wale wale waliovunja jiko ndio walilijenga tena, na chama kilitoa mabati.

Sasa ni yeye anayefundisha wamama wa nyumba changa kuloweka. Pipa la kwanza la chama liko kwenye uwanja wake. Kumbe katika kijiji chote, ni yeye alikuwa hajawahi kukatiza usiku hata moja.